Zuzi, Hakimu, Mshauri: Majina ya Jaji huko Kailo

Mtu wa Kailo akikwambia kwamba jana alifikishwa mbele ya zuzi, usiharakishe kuamini kwamba amemwona jaji. Huenda alikaa kwenye benchi la mbao katika ofisi ya parke, akaulizwa maswali, majibu yake yakaandikwa kwa Kifaransa, mwishoni akatia kidole gumba. Aliyemuuliza amesomea sheria, ameapa kiapo cha magistra, na huko mbele anaweza kweli kupewa kiti cha jaji. Lakini jana alikuwa upande wa mashtaka. Mwenzetu amerudi nyumbani, au amebaki kizuizini, akiamini kwamba amekwisha kuhukumiwa, kumbe kesi yake haijaanza.

Neno lililomponza ni zuzi. Limetokana na Kifaransa, limelainishwa na ndimi za Wakongo, na Kilingala nacho kinalo. Msomaji wa pwani asilisikie kama zuzu, hayana undugu. Nalipenda neno hili kwa sababu limeishi: watu wamelibeba kutoka mahakamani hadi sokoni, wamelipa heshima yao, wanasema papa zuzi na mama zuzi kama wanavyomwita mkubwa yeyote wa kazi. Kasoro yake ni upana. Linamchukua jaji wa tribunali ya amani, linamchukua afisa wa parke, ofisi ya mashtaka, anayechunguza, na mara nyingine linamchukua hata polisi wa upelelezi mwenye faili mkononi. Watu watatu wenye mamlaka matatu tofauti wamelala chini ya blanketi moja.

Kailo, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, iko ng'ambo ya mto kwa anayetoka katikati ya Kindu. Unavuka Lualaba hadi Alunguli, unashika njia inayoelekea Kalima. Ni teritware, yaani wilaya, ya Wasongola na Wangengele, ya mashamba ya mihogo na mpunga, na ya mashimo ya kasiterite na wolframite. Kesi zake zinafanana na maisha yake: mpaka wa shamba, mahari iliyodaiwa irudi, urithi wa kiti cha chifu, mfuko wa mawe uliopotea kati ya mchimbaji na mnunuzi, msichana aliyedhulumiwa. Kila moja ya kesi hizi ikitoka mikononi mwa wazee na kuingia mikononi mwa serikali, inaingia pia katika lugha nyingine.

Sheria imeweka mipaka ambayo neno zuzi linaifuta. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema mtu aliyekamatwa na polisi asikae mikononi mwao zaidi ya saa 48. Akifika parke, hati ya muda ya kumshikilia haipiti siku 5, ukiacha muda wa safari pale jaji anapokuwa mbali. Baada ya hapo, ni jaji peke yake anayeweza kuamuru abaki ndani, kwanza kwa siku 15, kisha mwezi kwa mwezi. Sasa mwambie mama aliyebeba chakula cha mwanawe hadi kwenye kashoti, yaani mahabusu, ahesabu siku hizo. Ataanzia wapi, ikiwa aliyemfunga ni zuzi, aliyeongeza siku ni zuzi, na atakayemfungua ni zuzi? Siku tano za zuzi wa parke na siku kumi na tano za zuzi wa kiti zina milango tofauti ya kubisha, na mama huyu hajaonyeshwa hata mmoja.

Kuna jambo jingine linalozidisha mkanganyiko. Parke ina uwezo wa kumpendekezea mtuhumiwa alipe faini, na akilipa, mashtaka yanakoma bila kufika mahakamani. Ni njia halali, imo katika sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya tarehe 6 Agosti 1959. Lakini fikiria inavyosikika kwa aliyelipa: nilifika kwa zuzi, akanikata pesa, nikatoka. Kwake hiyo ni hukumu kamili. Hajui kwamba alikuwa na haki ya kukataa pendekezo lile na kudai asikilizwe na mtu mwingine, aliyekaa kiti kingine.

Wafaransa na Wabelgiji waliwatofautisha magistra hawa wawili kwa kutazama miili yao. Wa mashtaka husimama anaposema mahakamani, kwa hiyo wakamwita magistra wa kusimama. Wa kuamua husikiliza akiwa ameketi, wakamwita magistra wa kukaa. Nchini Kongo wote ni watumishi wa kada moja, wanateuliwa na Rais wa Jamhuri kwa pendekezo la Baraza Kuu la Umagistra, na mtu anaweza kuhamishwa kutoka kusimama kwenda kukaa katika maisha yake ya kazi. Kwangu tofauti hii ya kukaa na kusimama ni zawadi kwa Kiswahili, kwa kuwa sisi tayari tunasema mtu amekalia kiti tukimaanisha amepewa madaraka. Zuzi wa kiti na zuzi wa parke: majina mawili mafupi, yanatamkika sokoni, yanaeleweka na bibi asiyejua herufi. Kama mkalimani wa polisi angeyatumia tangu dakika ya kwanza, nusu ya giza ingeondoka.

Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 18, inaamuru kwamba aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi na kila mara nasimama penye neno kuelewa. Kumtafsiria mtu "ministère public", yaani upande wa mashtaka, kuwa wizara ya umma ni kumwambia maneno ya Kiswahili asiyoyaelewa, tena ni kumpotosha, maana atatafuta waziri. Kumwambia kwamba "avocat général" ni avoka jenerali ni kumfanyia ubaya mkubwa zaidi: avoka kwetu ni mtetezi, naye mwenye cheo hicho ni mwendesha mashtaka katika mahakama ya rufani. Mtu anaweza kumwendea kwa matumaini, akamfungulia moyo wake wote.

Tuyageukie maneno yaliyokuja na watu wa pwani. Hakimu, mahakama, hukumu na hekima ni ndugu wa tumbo moja katika Kiarabu. Mzizi wao una maana ya kuzuia na kushika imara. Kutokana na mzizi huo Waarabu wana jina la sehemu ya hatamu inayomshika farasi kinywani. Watu wengi hudhani hakimu ametokana na haki. Sikio linaunganisha, lakini haki ina mzizi wake mwingine. Nafikiri ni vizuri kulijua hilo. Hakimu kwa jina lake ni mzuiaji: anazuia ugomvi usiendelee kukimbia. Haki ni kitu anachotakiwa kukitafuta, na jina lake peke yake halimpi.

Kadhi naye alifika Maniema pamoja na misafara iliyojenga Nyangwe na Kasongo. Ana ukoo mwingine, ule uliotupa kadhia na kukidhi, na maana yake ya ndani ni kutimiza, kumaliza jambo. Kenya imemwandika kadhi katika Katiba yake ya 2010, kifungu cha 170, na Zanzibar ina mahakama zake. Kongo haina mahakama ya kadhi, maana Katiba yake inaitangaza nchi kuwa isiyofuata dini. Hivyo katika miji yetu yenye Waislamu wengi, kadhi limebaki neno la msikitini na la kumbukumbu, na shehe anayepatanisha mume na mke anafanya hivyo kwa heshima aliyonayo, bila muhuri wa dola.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni mwamuzi. Halikuja na meli. Kuamua, au kulamua kama wasemavyo bado baadhi ya watu, ni kuingia kati ya wawili wanaopigana na kuwatenga. Baganda wana okulamula na omulamuzi, na katika serikali ya Buganda ya baada ya mkataba wa 1900 Omulamuzi alikuwa mmoja wa mawaziri watatu wakubwa, mwenye dhamana ya sheria. Biblia ya Kiswahili ina kitabu cha Waamuzi. Tanzania, kwa bahati mbaya ya istilahi, mwamuzi amekimbilia uwanja wa mpira, na leo ukimtaja mwamuzi Dar es Salaam watu wataangalia filimbi yake. Huku Kongo bado yuko huru kidogo. Mhubiri wa Kailo akisema mwamuzi, waumini wanamwona Mungu ameketi.

Na pembeni ya mwamuzi kuna kitenzi chetu cha kila siku: kukata maneno. Maneno katika Kiswahili cha huku ni matata, ni ugomvi, ni kesi. Mtu mwenye maneno ana shida. Zuzi alikata maneno, basi, ina maana shauri limeamuliwa. Wanyarwanda husema guca urubanza, nao wanakata; jaji wao ni umucamanza, mkata mashauri. Wasemao Kilingala hukata likambo. Kiswahili sanifu kina kukata shauri, ila kimelisukuma kwenye maana ya mtu kuamua jambo lake mwenyewe. Nasikitika kuona wakalimani wetu wakiona aibu kutumia kukata maneno mbele ya jaji, kana kwamba ni lugha ya jikoni. Ni istilahi ya sheria iliyokuwapo kabla ya amri ya kwanza ya Mbelgiji kuandikwa.

Kuhukumu, kinyume chake, kunahitaji tahadhari. Katika magazeti ya Afrika Mashariki, fulani amehukumiwa ina maana amepewa adhabu. Mtu aliyeachiwa huru hatusemi amehukumiwa, ingawa hukumu imetolewa kweli. Kwa hiyo mkalimani anapomwambia mshtakiwa "mahakama itakuhukumu Ijumaa", mshtakiwa anasikia kwamba Ijumaa ataadhibiwa. "Itakata maneno yako Ijumaa" humwachia mlango wazi, na ndivyo sheria inavyotaka: mtu hana hatia hadi ithibitishwe.

Hapa ndipo ngazi ya kazi ya jaji inapoanza kutusumbua. Tanzania na Kenya zimegawa kazi kwa maneno mawili: hakimu ni wa mahakama za chini, jaji ni wa Mahakama Kuu kwenda juu. Hakimu akiteuliwa Mahakama Kuu, anavua jina na kuvaa jingine. Kijana wa Kailo anayesikiliza matangazo ya Kiswahili kutoka nje anasikia Mahakama Kuu na kuiweka mahali pasipo pake. Kwetu hakuna mahakama hiyo. Chini kuna tribunali ya amani, juu yake tribunali kubwa ambayo wote huiita kwa herufi zake tatu, TGI, kisha mahakama ya rufani iliyoko Kindu, kisha Mahakama ya Kuvunja Hukumu kule Kinshasa. Yenye jina la kufanana na Mahakama Kuu ni ile ya wanajeshi, iliyo kilele cha sheria ya kijeshi tangu kanuni za tarehe 18 Novemba 2002, nayo haimhusu mkulima wa mihogo. Kenya nayo tangu 2010 ina Mahakama ya Juu, ambayo iko juu ya Mahakama ya Rufaa, ambayo iko juu ya Mahakama Kuu. Mtu akitafsiri kwa kunakili tu kutoka Nairobi au Dodoma, atampandisha jaji wa Kindu vyeo asivyo navyo au kumshusha asipostahili.

Pendekezo langu ni rahisi. Kifaransa kinatofautisha "tribunal" na "cour", na tofauti hiyo ina uzito Kongo, hata kwa nani anaruhusiwa kusimama kumtetea mtu: mtetezi wa sheria asiye avoka kamili huishia kwenye tribunali. Tuseme tribunali kwa zile za chini, kama watu wanavyosema tayari, na tuweke mahakama kwa zile za juu. Tanzania ililitatua jambo kama hilo kwa neno baraza, ndiyo maana wana Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya. Sisi hatuwezi kuwafuata kwa hilo. Neno hilohilo, barza, kwetu ni ukumbi wa mbele wa nyumba, mahali pa kupumzikia jua likiwa kali. Tena mwishoni mwa miaka ya 1990 Kivu ya Kaskazini ililipa neno hilo kazi ya kupatanisha makabila. Barza ni ya wazee na iachiwe wazee.

Halafu kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili hawalifahamu. Jaji wa Kongo akifika mahakama ya rufani, haitwi jaji tena. Vyeo vya chini ni jaji wa tribunali, rais wa tribunali. Akipanda hadi kwenye mahakama anakuwa "conseiller", konseye, yaani mshauri. Wanaoongoza vikao wanaitwa marais, na anayeongoza mahakama nzima ni Rais wa Kwanza. Ndiyo sababu ndani ya chumba cha mahakama mawakili husema "Bwana Rais" kwa mtu ambaye hana hata mlinzi mlangoni, na mwanakijiji aliyekaa nyuma hushangaa.

Mshauri! Katika Kiswahili cha kawaida mshauri hana nguvu. Anasema, wewe unaamua. Tukimtafsiria mtu kwamba kesi yake itasikilizwa na washauri watatu wa Kindu, ataona ameshushwa kutoka kwa zuzi mwenye uwezo hadi kwa watu wa kutoa maoni. Lakini lifungue neno uone lilichobeba. Shauri katika lugha ya mahakama za Tanzania ni kesi yenyewe: shauri la madai, shauri la jinai. Wajerumani walipotawala Tanganyika walilichukua neno hilo na kuandika Schauri katika taarifa zao, wakimaanisha kikao cha kusikiliza malalamiko ya watu. Mzizi wake wa Kiarabu ni kushauriana, kutoa rai na kupokea rai. Mshauri wa mahakama ya rufani, kwa hiyo, anaweza kusomwa kama mtu wa mashauri, mtu asiyekata peke yake. Tribunali ya amani inaweza kuamua kesi ya madai kwa jaji mmoja. Mahakamani juu kunahitajika vichwa zaidi ya kimoja, na cheo kinatangaza hilo. Mimi ningemwita jaji mshauri. Jaji linalinda nguvu yake, mshauri linataja namna yake ya kufanya kazi. Watanzania wana jaji wa rufani, jina zuri pia, ila linasema mahali anapokaa tu.

Maisha ya jaji wa juu Kongo yamekuwa magumu kuyapa majina kwa sababu yalichelewa kuanza. Zama za Wabelgiji, katika teritware kama yetu, msimamizi wa serikali aliyehesabu watu na kukusanya kodi ndiye aliyekaa pia kama jaji wa tribunali ya polisi, na kwa kesi za mila kulikuwa na tribunali za wenyeji zilizoundwa kwa amri ya tarehe 15 Aprili 1926. Mtu mmoja alidai kodi asubuhi na kumfunga asiyelipa mchana. Uhuru ulipofika Juni 1960, hapakuwa na Mkongo jaji aliyesomea sheria. Wakaletwa wageni, Wahaiti wakiwemo, kushika viti.

Kisha wakaja Wakongo wenyewe. Marcel Lihau, mzaliwa wa mkoa wa Équateur mwaka 1931, alikuwa miongoni mwa Wakongo wa mwanzo kabisa kusoma sheria Ubelgiji, katika chuo cha Leuven. Alishiriki kwa kiasi kikubwa kuandika Katiba ya 1964, akafundisha chuo kikuu cha Lovanium, na Mahakama Kuu Kabisa ya Haki ilipoanza kazi mwaka 1968 yeye ndiye aliyekuwa Rais wa Kwanza wake. Mwaka 1975 Rais Mobutu alimwondoa, baada ya Lihau kukataa shinikizo la kuwaadhibu vikali wanafunzi walioandamana. Baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha upinzani cha UDPS, akaishi uhamishoni Marekani, akafariki huko mwaka 1999. Ninapoandika jina la cheo chake kwa Kiswahili naona ugumu wote wa kazi hii. Rais wa Kwanza, katika nchi yenye rais mmoja tu aliyeruhusiwa kusikika. Hakudai kuwa rais mwingine. Alikalia kiti chake, akakataa kuinuliwa kwa simu.

Kuna neno la kisheria linalomhusu jaji kama yeye: jaji wa kiti ni "inamovible". Katiba ya 2006, katika kifungu cha 150, inasema asihamishwe ila kwa uteuzi mpya, kwa ombi lake mwenyewe, au kwa mzunguko wenye sababu ulioamuliwa na Baraza Kuu la Umagistra. Nimeona watu wakiandika asiyehamishika, nalo linafaa kwa meza. Afadhali asiyeng'olewa. Mti hung'olewa, jino hung'olewa, na kila msikiaji anajua kwamba kung'oa kunahitaji nguvu ya mtu mwingine. Ni nguvu hiyo ya nje ambayo Katiba inaizuia.

Katiba hiyo pia iliigawa mahakama ya Lihau katika tatu: Mahakama ya Katiba yenye wajumbe 9 wa kipindi cha miaka 9, Mahakama ya Kuvunja Hukumu, na "Conseil d'État", ambayo ikiandikwa Baraza la Serikali msomaji atafikiri ni kikao cha mawaziri. Ni mahakama ya kesi za watu dhidi ya utawala, basi iitwe hivyo: Mahakama ya Juu ya Utawala. Kuhusu kuvunja, Kiswahili kina kitenzi kizuri zaidi. Tunasema kutengua. Muislamu wa Kasongo anajua kinachotengua udhu: udhu haurekebishwi, unachukuliwa upya. Na mahakama ile ya Kinshasa, kimsingi, haisikilizi upya ushahidi wa nani alilima wapi. Inaangalia kama sheria ilifuatwa, na ikikuta kasoro inatengua, kesi inarudi kuamuliwa tena. Mahakama ya Utenguzi. Sijaona jina linaloikaa vizuri zaidi.

Neno la kutisha kuliko yote katika kanuni zetu za adhabu za tarehe 30 Januari 1940 ni "servitude pénale". Ndilo jina la kifungo cha kawaida gerezani. Neno kwa neno ni utumwa wa adhabu. Mkalimani mwenye kamusi na asiye na kumbukumbu angeweza kulisema hivyo, hapa Maniema, ambako misafara ilipita na watu wamefungwa shingoni, na ambako Kiswahili chenyewe kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana, yaani watu wasio watumwa. Kifungo kinatosha, na zaidi ya kutosha hakuna haja. Ipo adhabu nyingine, "travaux forcés", kazi za lazima. Watu wa Kindu waliisikia kwa karibu tarehe 20 Mei 2025, Mahakama ya Katiba ilipomhukumu Augustin Matata Ponyo, mwana wa Kindu aliyekuwa Waziri Mkuu kati ya 2012 na 2016, miaka 10 ya kazi hizo katika kesi ya mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo. Mahakama hiyohiyo, mwezi Novemba 2021, ilikuwa imesema haina mamlaka juu ya kesi ile. Kutokuwa na mamlaka ni istilahi nyingine inayoumiza: Kifaransa husema "incompétente", na aliyetafsiri haraka anaweza kuwafanya majaji waonekane wamekiri kwamba hawawezi kazi.

Tanzania imeonyesha kwamba njia ipo. Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika hukumu kwa Kiswahili katika kesi iliyohusu mgodi wa North Mara, na tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais Magufuli alitangaza kumteua kuwa Jaji wa Rufani, akitaja kazi hiyo. Mwaka huohuo sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kongo tuna msingi wetu: kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu kutiwa saini. Kifungu cha 149 kinasema haki inatolewa kwa jina la watu. Watu wenyewe wa Kailo, ambao jina lao linatajwa kwenye kila hukumu, wanasubiri mkalimani awaambie limesemwa nini kwa niaba yao.

Mkalimani huyo ndiye ninayemfikiria ninapokusanya maneno haya. Mahakama inapotoka Kindu kwenda kusikiliza kesi vijijini, inaweza kukaa darasani: meza mbili za walimu zimeunganishwa, bendera imesimamishwa kando, majoho meusi yanakusanya vumbi la chaki, karani anaandika kila neno kwenye daftari kubwa. Mshtakiwa anasimama mbele. Zuzi wa kiti anauliza kwa Kifaransa, mkalimani anageuka. Swali lenye maneno ishirini linatoka kwake likiwa na manne: "Unaitika ulifanya, ao unakatala?" Mshtakiwa anaanza mbali, kwa baba yake aliyepewa shamba na mjomba, na mkalimani anarudisha neno moja: anakana. Masimulizi yote ya mjomba yamebaki njiani. Pengine ndani yake ndimo utetezi ulimokuwa, kwa sababu katika mambo ya mila tribunali ya amani hutakiwa kukaa na wazee wawili wanaoijua desturi, nao wangejua mara moja kwa nini mjomba ametajwa.

Kisha anafika kwenye dakika ambayo haina jina la Kiswahili lililokubaliwa. Pande zote zimemaliza kusema, rais anafunga daftari na kutamka kwamba kesi imechukuliwa "en délibéré". Wengi husema kesi imeenda delibere, na wasikilizaji wanadhani delibere ni mji, au ofisi nyingine ya kulipia. Wengine husema imeahirishwa, nayo si kweli, kwa sababu hakuna tena wa kuongea. Kinachotokea ni kwamba waliosikiliza wanaondoka mbele ya watu, wanafunga mlango, wanapeana rai kwa siri mpaka wakubaliane maandishi yatasema nini na kwa sababu zipi. Wanashauriana. Mkalimani aseme tu: wazuzi wa kiti wameingia kwenye shauri, wakitoka, watakata maneno yako mbele ya watu wote, na watakwambia sababu.